Sahani ya Wakwe

Mahagi-Port, tarehe 3 Septemba 1984

Yaya Lucienne,

Salamu nyingi toka ziwani. Siye tuko wazima, ila nina hasira na weye, nianze na hiyo.

Jumapili iliyopita nilikuwa Bunia kuuza samaki, nikaingia misa. Mbele yangu alikuwa mama mmoja mwembamba, kikwembe kimemkaa vizuri, anapiga magoti na kuinuka kama msichana wa komunyo ya kwanza. Nikasema moyoni, huyu naye anamringia Mungu. Wakati wa kupeana amani akageuka. Kumbe ni weye! Ukanipa mkono haraka haraka, na kabla ya baraka ya mwisho ulikuwa umeshatoka. Yaya, dada yangu mkubwa tangu shule ya Masista, tuliolala vitanda vinavyogusana, ukinisuka nywele kila Jumamosi, leo unanikimbia?

Sokoni wanasema biashara ya kahawa imemwangusha mumeo Gérard, hata mke hawezi kumlisha. Wengine wanasema umerogwa na mwanamke wake wa Aru. Sitaki habari zako zinifikie kwa vinywa vya watu. Uniambie mwenyewe umefanya nini, maana naitaka njia hiyo hiyo. Magoti yangu yamekwisha. Kushuka toka nyumbani hadi kwenye mitumbwi naweza, kupanda kurudi ni kazi ya asubuhi nzima. Dokta amepima mkojo wangu, sukari iko juu, anasema nisipopungua mwanangu Mathieu atanizika kabla hajaoa. Nilikula majani mwezi mzima nikazidi kunenepa! Usicheke. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini mimi nina vyote viwili pamoja.

Nangoja jibu. Samaki wa chumvi nimempa Donatien, dereva wa kamyo, ni wako.

Mdogo wako,
Suzanne


Bunia, Ngezi, tarehe 20 Septemba 1984

Mpendwa mdogo wangu Suzanne,

Barua na samaki vimefika. Unisamehe kwa siku ile kanisani. Nilijua utaniuliza, na weye ukiuliza hujui kunong'ona.

Soma, halafu uchome. Mwaka juzi Gérard alinipeleka Bruxelles. Huko kuna dokta anayefungua tumbo na kuugawa mfuko wa chakula kwa pini ndogo za chuma. Juu anaacha nafasi ya ngumi ya mtoto, chakula kinapita hapo. Unashiba kwa vijiko vichache, mwili unapungua wenyewe. Nililala hospitali kidogo, kidonda kikapona, nikarudi. Magoti hayaniumi tena. Sukari imekwisha. Sijajuta hata siku moja.

Hapa hakuna anayejua isipokuwa Gérard, na yeye ndiye aliyeniapisha. Anasema ikijulikana kwamba aliwalipa Wazungu pesa yote ile ili mke wake asile, wakati watu wanatafuta unga, watamcheka mpaka kaburini na wakulima watapeleka kahawa yao kwa mwingine. Na mimi mwenyewe naona aibu. Padri akihubiri juu ya wenye njaa, naangalia viatu vyangu. Nikialikwa mahali nasema nina vidonda vya tumbo, watu wameshazoea.

Ukitaka, nitamwandikia yule dokta kwa ajili yako. Lakini niapie kwa Bikira Maria kwamba hutasema. Siri yako na yangu zimeshikana, ukisema moja ya pili itafuata.

Yaya wako,
Lucienne


Bruxelles, tarehe 11 Machi 1985

Yaya,

Niko hai. Kamyo yangu ya samaki imeuzwa, nauli imelipwa, na Mahagi-Port nzima inaamini nimekuja kutibiwa macho. Macho! Nimepasuliwa toka kifuani hadi karibu na kitovu.

Kwa nini hukuniambia? Uliandika "kidonda kikapona" kama mtu aliyejikata akimenya ndizi. Jana walinipa supu, vijiko vitatu, nikatapika mpaka nikamwita mama yangu aliyekufa. Muuguzi anasema itakuwa hivi miezi mingi, kwa wengine miaka. Nikamwuliza kama yuko hata mmoja asiyetapika, akanishika bega tu.

Weye unatapika, Yaya? Mpaka leo? Nijibu kweli, si kwa maneno matamu ya sakristia.

Suzanne


Bunia, Ngezi, tarehe 9 Aprili 1985

Mdogo wangu,

Ndiyo. Mpaka leo. Nikila haraka natapika, nikila ugali natapika, nikila mbele ya mtu anayenihesabia matonge natapika. Nywele zilianguka, nikaanza kufunga kitambaa, wamama wa kanisani wakadhani nimezidi katika sala.

Sikukuambia kwa sababu nilitaka ukubali. Magoti yako nilikuwa nayafikiria, kweli. Lakini nilikuwa peke yangu na jambo hili, Suzanne, nilitamani mtu mmoja tu duniani anayejua ninavyokaa mezani. Nilijua nikiandika yote utaogopa. Kwa hiyo niliandika nusu. Toka barua yako ifike sijalala vizuri.

Sasa shika haya, nimeyajua kwa kuumia. Kula kwa kijiko cha chai. Tafuna mpaka taya lichoke. Maji usiyanywe pamoja na chakula, ngoja kwanza. Ugali uache kabisa kwa sasa, kunywa uji mwepesi, kula samaki aliyechemshwa, na weye una ziwa zima. Chakula kikikwama usikisukume kwa maji, utajuta. Simama, tembea polepole, pumua. Na usilazimishe hata tonge moja baada ya kushiba, dokta aliniambia pini zile zikiachia ndiyo basi. Ukipatwa na kilio bila sababu, lia. Mimi nilililia bakuli la sombe ya majani ya muhogo kama mtu anavyolia msiba.

Najipima kwenye mizani ya kahawa pale depo, ghala la Gérard, wafanyakazi wakienda kula. Weye pia una mizani ya samaki. Niandikie kila mwezi, hata mistari miwili.

Lucienne


Mahagi-Port, tarehe 18 Agosti 1985

Yaya wangu,

Nimepanda toka mitumbwini hadi nyumbani bila kupumzika! Nilipofika juu nilisimama nikaliangalia ziwa, nikacheka peke yangu, mvuvi mmoja akadhani nimerukwa na akili. Dokta anasema sukari imeshuka. Hasira ya Bruxelles imekwisha. Barua zako zimenibeba, kila chakula kikikwama nasimama na kutembea kama ulivyoniambia, hata sauti yako naisikia ikinigombeza. Asante, Yaya. Nasema kwa moyo.

Sasa habari ya pili. Mathieu amepata mchumba, Angélique, binti wa Denise wa Marabo, yule anayemletea Gérard kahawa. Kijana wangu anampenda mpaka amenyoa ndevu. Tulianza mazungumzo vizuri, halafu wakanyamaza.

Yaya, wanasema nina silimu. Unaijua, ule ugonjwa wa ng'ambo, wa Uganda, unaokausha mtu. Mimi ni mjane, navuka ziwa kwa biashara, nimekonda miezi michache baada ya safari isiyoeleweka. Lisemwalo lipo, ndivyo wanavyojiambia. Wateja wangu wa miaka kumi wananisalimu kwa mbali na kununua kwa jirani. Juzi mama mmoja alichagua samaki mzuri, akaona ni mimi ninayemfunga, akamrudisha. Nilijifanya sijaona.

Nataka kusema ukweli. Nikisema nimepasuliwa, wataniuliza ni nani mwingine aliyepasuliwa hivyo, maana hapa hawajasikia jambo kama hilo, na bila shahidi wataona ni uongo wa mgonjwa. Shahidi wangu ni weye. Niruhusu, Yaya.

Suzanne


Bunia, Ngezi, tarehe 5 Septemba 1985

Mdogo wangu mpendwa,

Nimekusoma na machozi. Lakini usiseme, nakuomba. Nilimgusia Gérard jioni moja, akaweka kijiko chini, akasema siku jambo hili litakapotoka nje nitarudi kwa ndugu zangu. Msimu wa kahawa ndio huu.

Maneno ya watu ni upepo, yatapita. Vaa vikwembe viwili, kimoja ndani, utaonekana umejaa. Paka mafuta usoni. Cheka sana sokoni, mgonjwa hacheki.

Denise alipita hapa depo wiki iliyopita. Tuliongea habari za mvua na maharagwe.

Nakuombea kila siku.

Lucienne


Mahagi-Port, tarehe 10 Novemba 1985

Yaya,

Nimevaa vikwembe viwili. Nimecheka mpaka mbavu zinauma. Upepo haujapita.

Mathieu amerudi toka Marabo na mambo mawili. La kwanza, Denise hakuja kwako kwa habari za mvua. Alikuuliza juu yangu, Angélique alikuwepo na amesikia. Alikuambia hivi: "Mama Lucienne, ule mama iko mugonjwa ao hapana? Uniambie kweli, ni mutoto yangu niko natoa." Na weye ukajibu kwamba mambo ya afya yangu niulizwe mimi mwenyewe. Yaya, hata ungesema uongo ungenisaidia kuliko jibu lile. Nimelimeza, si mara ya kwanza kumeza kitu kisichopita.

La pili, wamekubali kunipokea Jumamosi tarehe 23. Unajua desturi ya pale kwao. Mama wa kijana akija mara ya kwanza anachinjiwa kuku, anawekewa mzima na bugali, anakula mbele ya wamama wa nyumba. Akibakiza, wanajua anaogopa sumu yao au hamtaki msichana wao. Na kwangu watajua zaidi.

Lakini desturi inamruhusu mama aje na dada yake mmoja wa kula naye sahani moja. Nakuomba uwe weye. Najua, matumbo yetu mawili hayamalizi kuku. Lakini tukiwa wawili tutaongea, tutawapitishia watoto vipande, nani atatuhesabia? Na wakikuona mke wa Gérard unatia mkono kwenye sahani yangu bila woga, hakuna atakayetaja silimu tena. Huhitaji kusema neno lolote juu ya operesheni. Siri yako itabaki ndani ya kikwembe chako. Ukae tu karibu nami.

Toka Bunia mpaka Marabo si mbali. Mathieu atakufuata na gari.

Mdogo wako,
Suzanne


Bunia, tarehe 22 Novemba 1985

Mpendwa Suzanne,

Namtuma mtu Marabo na karatasi hii ili usiningoje. Nimeshikwa na malaria kali toka jana, siwezi kusimama. Inaniuma sana. Mungu atakuwa pamoja nawe mezani.

Lucienne


Mahagi-Port, tarehe 30 Novemba 1985

Mama mkubwa Lucienne,

Mimi ni Mathieu, mtoto wako. Mama hawezi kuandika, amenituma nikusalimu na kukupa pole ya malaria.

Nikupe habari njema kwanza. Wakwe wamekubali! Mama Denise alimwekea kuku mkubwa wa nyumba, na bugali mlima. Mimi nilikuwa na hofu, maana nyumbani mama siku hizi anakula kama ndege. Lakini siku ile, mama mkubwa, alikula! Alikula polepole, akiongea, akiwatania, akawaambia kuku wa Marabo wanalishwa vizuri kuliko walimu. Alimaliza mapaja, akamaliza kifua, akachovya bugali ya mwisho kwenye mchuzi mpaka sahani ikang'aa. Jasho lilikuwa linamtoka, nikadhani ni pilipili. Mama Denise akasimama akasema: "Benye balisema huyu mama iko mugonjwa, bakuje baone!" Wamama wakapiga vigelegele, Angélique alikuwa nyuma ya mlango analia kwa furaha.

Njiani mama alishikwa na tumbo. Tulisimamisha gari mara nyingi. Alikataa kabisa turudi Marabo kutafuta msaada, alisema afadhali afie kwenye nyasi kuliko wakwe wamwone. Amelazwa kwenye dispensari, homa bado iko juu. Masista wanampa dawa. Nilimwuliza ni nini, akacheka kidogo, akasema ni malaria yako imemfuata.

Tumwombee. Harusi itakuwa baada ya Pasaka.

Mtoto wako,
Mathieu


Bunia, Ngezi, tarehe 12 Desemba 1985

Suzanne,

Sikuwa na malaria. Unalijua hilo, lakini lazima niliandike kwa mkono wangu.

Asubuhi ya Jumamosi ile nilivaa. Nilifunga kikwembe kizuri, nikakaa kwenye kiti karibu na mlango, mkoba juu ya magoti. Karatasi nilikuwa nimeshaituma, lakini nilijidanganya kwamba naweza bado kwenda, nitasema nimepona. Nikawaza wamama wale wamekaa mbele yetu. Nikajiona mimi na weye, wembamba wawili kwenye sahani moja, na mtu anauliza kwa sauti: na huyu naye? Nikavua kikwembe nikakikunja. Nilikuwa naweka vyombo kabatini saa ile weye ulikuwa unakula.

Nilikupeleka kwenye kisu kwa barua nzuri, halafu nikakuacha peke yako na kuku. Sijui niseme nini zaidi. Niambie nije Mahagi-Port nitakuja. Niambie niseme kwa watu nitasema, Gérard afanye atakalo.

Lucienne


Bunia, Ngezi, tarehe 15 Machi 1986

Mdogo wangu,

Hii ni barua ya nne. Donatien anasema anakupa mkononi, unapokea, unaiweka chini ya mizani na kuendelea na kazi. Anasema uko mzima. Sitakuuliza kitu. Nimetuma kitenge kwa ajili ya harusi, kama hukitaki mpe mtu.

L.


Mahagi-Port, tarehe 24 Agosti 1986

Yaya,

Nimekaa kimya kwa sababu kila nikishika kalamu nilikuwa nakutukana, na matusi yenyewe hayakuwa mazuri.

Nikupe habari. Nimenenepa. Umesoma vizuri. Dokta Mzungu aliyepita kwa Masista alinichunguza, anasema siku ile pini ziliachia, mfuko umekuwa mmoja tena kama ulivyoumbwa. Kwanza nilikula vijiko viwili, halafu sahani ndogo, sasa nakula bugali kama mpakuzi wa mitumbwi. Na Mahagi-Port nzima inafurahi! Wateja wamerudi, samaki wangu wanakwisha kabla jua halijawa kali. Mama yule yule aliyemrudisha samaki amenishika mkono wa juu, akaubonyeza, akasema Mungu ni mwema. Mathieu ameoa, kitenge chako nilikivaa, ulichagua vizuri. Angélique ana mimba kubwa, hawakuingoja Pasaka. Denise ananiita mama ya nguvu.

Magoti yamerudi pia. Sukari imerudi. Miguu inavimba, nauza nikiwa nimekaa, na kupanda toka ziwani nabebwa kwenye baiskeli ya kusukumwa, watoto wanashangilia. Dokta anasema mara ya pili hawezi mtu kunipasua, moyo hautakubali. Niliuza kamyo ili niishi, nikala kuku ili mtoto aoe. Kuku simlaumu.

Weye nakulaumu. Siwezi kuandika kwamba nimekusamehe, maana kila nikiinuka magoti yananikumbusha. Lakini nimekukumbuka, Yaya, na hilo nalo ni kweli. Hakuna mwingine anayejua nilikula nini siku ile.

Suzanne


Bunia, Ngezi, tarehe 28 Septemba 1986

Suzanne,

Nimekwenda Marabo. Sikukuomba ruhusa, kwa sababu ungeniruhusu na ningepata tena pa kujificha.

Nilimkuta Denise anaanika kahawa, wamama watatu wanamsaidia. Niliomba tuingie ndani. Nikamwambia yote, Bruxelles, pini, vijiko vya chai. Nikamwambia weye pia ulifanyiwa, na kuku wake ulimla huku tumbo linapasuka. Nikafunua blauzi nikamwonyesha kovu.

Aliliangalia muda mrefu. Halafu akaniambia kwa upole, kama mtu anayeongea na mgonjwa: "Mama Lucienne, muntu mwenye akili anaweza kulipa pesa bamukate tumbo juu asikule? Kama uko mugonjwa, useme tu. Hatutakucheka." Nikaapa. Akaitikia kwa kichwa. Wamama walikuwa wamesimama mlangoni. Nilipoaga, niliona mmoja wao akichukua kikombe nilichonywea chai, amekishika kwa jani la ndizi, anakipeleka nyuma ya nyumba.

Sasa ni mimi niliye na silimu. Imefika Bunia kabla yangu. Kanisani benchi langu lina nafasi. Gérard hajanifukuza, anakula peke yake tu, na wakulima wawili wameshahamisha kahawa yao. Nalia, sikufichi. Lakini kuna saa najisikia mwepesi kuliko siku zote toka Bruxelles.

Jambo moja sikuliweza. Denise alipouliza kwa nini sikuja siku ya kuku, nilirudi kwenye uongo wangu. Nilisema nilikuwa na malaria. Niliyasema yote, hilo tu likanishinda. Nakuomba umwambie weye, maana anakuamini. Mwambie sikuwa na ugonjwa wowote.

Lucienne


Mahagi-Port, tarehe 19 Oktoba 1986

Yaya Lucienne,

Denise amekuja kumwangalia binti yake, mtoto amezaliwa, ni wa kike, mnene, analia kama anauza samaki. Amelala kwangu siku tatu.

Jana tulipokuwa peke yetu jikoni aliniuliza juu yako. Nikaosha mikono, nikafungua kikwembe, nikamwonyesha kovu langu. Sasa limetanuka, si zuri kama lako. Nikamwambia kila neno ulilosema ni kweli. Alikaa chini kwenye gogo la kuni. Halafu akaanza kulia, Yaya, Denise yule! Anasema: "Basi ni siye tulikuvunja na chakula yetu. Mimi mwenyewe nilikuongezea kifua." Nilimbembeleza mimi, hebu fikiri, mimi ndiye niliyembembeleza. Nikamwambia hakujua. Alipotulia akauliza ni nani aliyekuwa anajua siku ile na hakusema.

Nilichochea moto. Nilitazama sufuria. Nilikuwa na jina lako mdomoni, na lilikuwa tamu, sikufichi na mimi. Nikalimeza. Nikamwambia mambo hayo amwulize mwenyewe Mama Lucienne.

Hiyo kazi sitakufanyia. Nimekula kwa ajili ya mtoto wangu, sitakula tena kwa ajili ya mtu. Denise anashuka Bunia na kamyo ya Donatien siku ya Ijumaa, nimemwambia atafikia kwako na amekubali, atalala kwako na atakula kwako, watu wa Ngezi wamwone akiingia na akitoka. Mpikie vizuri. Kaa naye mezani, chukua kijiko chako cha chai, usikifiche. Na kabla hajanawa mikono, mwambie ulikuwa wapi Jumamosi ile.

Halafu uniandikie alijibu nini.

Suzanne